Huyu Si Njiti

Mizani ilisimama kwenye kilo 1.9. Nikaandika daftarini neno moja, "njiti", nikamzungushia mtoto kitenge cha mama yake, nikamlaza ubavuni kwa mama, nikakimbilia chumba cha pili ambako mwingine alikuwa ameanza kusukuma. Ilikuwa Julai. Huku Olmotonyi, ikifika Julai, ukungu hushuka kutoka Mlima Meru kabla jua halijazama na hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Kituo chenyewe sikitaji. Nilikuwa na miaka miwili tu kazini, na makosa ya usiku ule yote yalipitia mikononi mwangu.

Alfajiri mtoto akaanza kutikisika. Kwanza mkono, kisha mdomo, halafu macho yakaganda upande mmoja. Mkunga wetu mkuu, mama wa Kimeru aliyekuwa karibu kustaafu, alifika akiwa bado anafunga kilemba. Hakuuliza uzito. Alishika miguu ya mtoto akaielekeza kwenye taa. "Njoo uone nyayo," akaniambia. Nyayo zilijaa mikunjo kutoka vidoleni hadi kisiginoni. Akakunja sikio, nalo likaruka kurudi mahali pake. Chuchu zilikuwa zimeinuka. Ngozi ya mapaja imelegea kama soksi ya kuazima, kichwa kikubwa juu ya kifua chembamba, uso wa kizee, macho kodo. Nyayo za njiti huwa laini, na sikio lake ukilikunja hubaki limejikunja kama kitambaa.

"Huyu si njiti," akasema. "Huyu ametimiza miezi yake yote. Huyu amelala njaa."

Tulimtia dripu ya sukari na akapona. Neno nililoandika halikufutwa, maana daftari la wodi halifutwi.

Nilieleweshwa vizuri zaidi na mume wangu, ambaye si mtu wa hospitali. Alikuwa akisimamia kitalu cha miche katika Chuo cha Misitu hapa Olmotonyi, chuo kilichoanza mwaka 1937, na maisha yake yote ameyapima kwa misindano na mikaratusi. Alinipeleka kwenye tuta akanionyesha miche miwili yenye urefu uleule wa kidole. Mmoja ulisiwa mwezi uliopita, na huo ulikuwa sawa kabisa, ulihitaji muda tu. Mwingine ulisiwa pamoja na wenzake waliokwisha kufika magotini, ila udongo wa kifuko chake ulikuwa umechoka na mizizi imejizungusha. "Ukiipanga kwa urefu," akasema, "utaikosea yote miwili."

Njiti ni mche wa kwanza. Amezaliwa kabla ya wiki 37, ni mdogo kwa sababu ni mchanga, na mapafu yake hayajakomaa. Mche wa pili ni mtoto ambaye ukuaji wake ulibanwa tumboni. Anaweza kuzaliwa kwa tarehe yake, au hata baada yake, lakini hakufikia ukubwa aliokusudiwa. Wakunga wengine husema amedumaa tumboni, nami nitatumia neno hilo. Wapo pia wenye mikosi yote miwili, waliodumaa na wakawahi kuzaliwa. Uchambuzi uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2013, uliojumuisha watoto zaidi ya milioni 2 wa Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, ulionyesha hatari ya kufa katika siku 28 za mwanzo. Kwa waliozaliwa wadogo kuliko umri wa mimba yao ilikuwa karibu mara 2 ya watoto wengine, kwa njiti karibu mara 7, na kwa aliyebeba yote mawili ilipita mara 15. Hapa Tanzania utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulihesabu vifo 24 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, kabla hawajafikisha mwezi. Wengi wa hao waliokufa walizaliwa wadogo.

Lakini mdogo ni nani? Wapange watoto 100 wa wiki ileile ya mimba kwa mstari, kuanzia mwepesi hadi mzito. Wale 10 wa mwanzo ndio huitwa wadogo kuliko umri wa mimba. Kipimo hiki kina tundu pande zote mbili. Kati ya hao 10 wamo walio wadogo kwa sababu baba na mama ni wadogo, na hao hawana ugonjwa wowote. Na huko mbele ya mstari yupo mtoto wa kilo 2.8 ambaye angefika 3.5 kama asingenyimwa, naye hakuna anayemshtukia. Kwa hiyo uzito peke yake, bila tarehe, hausemi kitu, na tarehe ndiyo tusiyokuwa nayo. Nimeuliza wanawake mamia kwa mamia, "Mara ya mwisho uliona siku zako lini?" Nikajibiwa: wakati wa kupalilia mahindi. Mahindi ya lini, mwanangu? Ya mvua ile.

Tena msiniambie kwamba watoto wa Kiafrika ni wadogo kwa asili. Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2014 ulifuatilia mimba katika nchi nane, zikiwemo Kenya, kwenye kitongoji cha Parklands jijini Nairobi, na Oman, pale Muscat. Walichaguliwa akina mama wenye afya, wanaokula vizuri na wanaoishi mahali salama. Watoto wao walikua tumboni kwa mwendo unaokaribiana sana, awe wa Nairobi, wa Muscat, wa Oxford au wa Seattle.

Mtoto tumboni hula kupitia kondo la nyuma. Mapema katika mimba kondo huchimba njia katika mishipa ya mji wa mimba, mishipa myembamba igeuke kuwa mipana na damu ya mama imwagike kwa utulivu. Njia zikichimbwa nusu, damu hupita kwa shida. Miezi ya mwanzo huoni kitu, kwa kuwa mtoto bado anahitaji kidogo. Ni kuanzia mwezi wa sita au wa saba mahitaji yanapopita mgao. Ubovu huohuo wa kondo humpandisha mama presha, ndiyo maana kifafa cha mimba na mtoto aliyedumaa hutembea pamoja kama mtu na kivuli chake.

Mtoto hakubali kirahisi. Kinachopatikana anakipeleka kwanza kwenye ubongo na moyo, na anapunguza mgao wa ini, misuli na mafuta ya chini ya ngozi. Ndiyo maana yule wangu alikuwa na kichwa cha kawaida juu ya mwili wa kifaranga. Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu wa muda mrefu na bibi mmoja jirani yangu, Mwarusha, ambaye sote tunamwita koko.

Koko alikuwa enkaitoyoni, mkunga wa jadi, kabla mimi sijazaliwa. Kwa Wamaasai, na kwa Waarusha wanaozungumza nao lugha moja, kuna desturi ya zamani ya kumpunguzia mjamzito chakula miezi ya mwisho, mtoto asije akawa mkubwa akashindwa kutoka. Mama hupunguziwa maziwa, nyama na vinono vyote, hubaki na uji mwepesi. Wageni husikia hilo wakadhani ni ujinga. Mimi sidhani. Koko alimzika dada yake aliyekaa na uchungu siku tatu, zama ambazo kufika hospitali ya mjini kulitaka wanaume wanne na machela. Kama ningekuwa na hesabu yake tu, bila kisu cha daktari na bila gari, huenda ningetoa amri ileile.

Ila hesabu ina kasoro, na kasoro iko kichwani. Kinachokwama katika nyonga ni kichwa, na kichwa ndicho mtoto mwenye njaa anachokilinda mpaka mwisho. Ukimnyima mama, unachonyofoa kwa mtoto ni akiba, yaani sukari iliyowekwa kwenye ini na mafuta ya kumkinga na baridi. Anabaki na kichwa kilekile, na hana cha kumvusha usiku wa Julai. Mama naye anaingia uchungu akiwa na damu pungufu, kwa hiyo damu kidogo ya kawaida ikimtoka, yeye huzimia. Nilimweleza koko hayo mara nyingi, kwa Kiswahili changu cha Upareni. Akaniambia nimesoma sana.

Sababu nyingine huku kwetu hazina mjadala. Moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha una hewa chafu inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Kazi ya kupanda msituni kuokota kuni na kushuka na mzigo mgongoni mwezi wa nane wa mimba nimeiona asubuhi zote za maisha yangu hapa, na wanaume wanaopishana na mizigo hiyo wakiwa mikono mitupu nimewaona pia. Mapacha wanagawana. Upungufu wa damu upo, na vidonge vya kuongeza damu, fefo, wanavyopewa kliniki vinaishia kwenye kopo la chumvi kwa sababu vinaleta kichefuchefu. Pombe ipo. Mwinuko nao una lake: watafiti wa Colorado, Marekani, waliandika mwaka 1997 kwamba kila mita 1,000 za kupanda hupunguza kama gramu 100 za uzito wa mtoto. Sisi tuko juu ya mita 1,500. Lakini gramu hizo chache zisiwe kisingizio cha kuulaumu mlima.

Malaria wengi hapa huidharau, maana baridi yetu mbu haipendi. Lakini binti akienda Mto wa Mbu kumsaidia shangazi yake kuvuna mpunga, anarudi nayo, na mwili wake haujawahi kupigana nayo. Vimelea hujikusanya ndani ya kondo, mahali ambapo pengine kipimo cha kidole hakivioni. Watafiti waliofuatilia wajawazito wa Korogwe kwa altrasaundi kati ya 2008 na 2010 walijifunza kwamba malaria ya miezi ya mwanzo, kabla hata dozi ya kwanza ya SP, dawa ya kuwakinga wajawazito na malaria, haijaruhusiwa, inaweza kubana ukuaji wa mtoto. Chandarua, basi, ni cha tangu siku ya kwanza, si cha kusubiri tumbo lionekane.

Na chakula? Dar es Salaam, kati ya 2001 na 2004, wanawake wajawazito 8,468 wasio na virusi vya Ukimwi waligawanywa mafungu mawili. Wote walipewa madini ya chuma na foliki, na fungu moja likaongezewa vidonge vya vitamini. Waliozaa watoto chini ya kilo 2.5 walikuwa 9.4 kwa mia kwenye fungu la kawaida na 7.8 kwenye lile la vitamini. Tofauti ndogo ukiisoma karatasini. Nimefanya kazi wodini, nami naihesabu kwa vitanda.

Sasa utamjuaje akiwa bado ndani? Chombo cha kwanza ni futi ya fundi cherehani. Mama analala chali, unapima kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mji wa mimba. Baada ya wiki ya 24 hivi, sentimita hukaribiana na wiki: wiki ya 30, sentimita kama 30. Ukipata pungufu ya tatu au zaidi, au kipimo kikisimama palepale kliniki mbili mfululizo, kuna swali. Futi hii inakosea. Mtoto akilala mkingamo inadanganya, mama mnene inadanganya, na mkono ukibadilika kila mwezi kila mmoja anapima kivyake. Lakini inauzwa bei ya andazi, na nimeona kliniki ambako inaning'inia ukutani mwaka mzima huku manesi wakikadiria kwa macho na kuandika namba inayolingana na wiki. Namba nzuri sana, kadi safi sana. Hilo huniuma kuliko ukosefu wa mashine.

Altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24 ndiyo inayoweka tarehe, na bila hiyo hata futi haina cha kulinganishwa nacho. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hivyo mwaka 2016, lilipopandisha mahudhurio ya kliniki kutoka 4 hadi 8. Baadaye, kukiwa na shaka, kuna kipimo cha Dopla kinachoangalia damu inavyopita kwenye kitovu. Inapaswa kwenda mbele hata moyo wa mtoto unapopumzika kati ya pigo na pigo. Ikisita, kondo limechoka. Ikirudi nyuma, siku zinahesabika. Dawa ya kumlisha mtoto humohumo tumboni haipo, kwa hiyo daktari hupima mambo mawili mabaya: kumwacha ndani kwenye njaa, au kumtoa kabla hajaiva. Mama mwenyewe ana kipimo kimoja kisichohitaji mashine, nacho ni mchezo wa mtoto. Akipunguza kucheza, nenda siku hiyohiyo.

Mwaka juzi mjukuu wa koko aliolewa, na kufikia Machi alikuwa na mimba ya wiki 34 kwa hesabu ya altrasaundi ya mapema. Alikuja kwangu jioni, akapiga magoti kidogo mlangoni.

"Shikamoo mama nesi."

"Marahaba, yeyo. Mbona miguu hivyo?"

Ilikuwa imevimba hadi juu ya vifundo. Nina futi yangu kwenye droo ya vijiko. Sentimita 30. Kwenye kadi, kliniki iliyopita, 30. Nikamuuliza amekula nini tangu asubuhi. Akatazama chini. "Koko amesema uji unatosha." Nikamuuliza kichwa. Kinauma tangu juzi. Sikuwa na haja ya mashine kujua presha imepanda, na bodaboda ilimteremsha kituoni Ngaramtoni kabla ya giza. Huko wakaipima, ikawa 150 kwa 100, akapelekwa mjini usiku uleule. Alilazwa, akapewa dawa za presha, damu ya kitovu ikaangaliwa kila baada ya siku chache. Wiki ya 36 madaktari wakaamua imetosha, wakamwanzishia uchungu. Alizaa kwa njia ya kawaida mtoto wa kike, kilo 1.74.

Nilikuwepo, kama jirani safari hii. Nikageuza nyayo kwanza. Mikunjo ilikuwa imefika zaidi ya nusu ya unyayo.

Mtoto wa namna hii anaweza kulia vizuri, akanyonya vizuri, akadanganya wodi nzima. Hatari yake iko kwenye saa zinazofuata. Akiba ya sukari ikiisha anatetemeka au ananyamaza, na kunyamaza ndiko kubaya zaidi. Joto linamtoka upesi. Damu yake mara nyingi ni nzito, kwa sababu mwili ulitengeneza chembe nyingi kutafuta hewa, na baadaye manjano humpanda. Kwa hiyo hakuogeshwa siku ile, ingawa mashangazi walinung'unika kwamba ana harufu. Alitobolewa kisigino kupima sukari mara kwa mara. Maziwa ya kwanza, yale ya njano, yalikamuliwa kwa mkono kwenye kikombe kidogo, akanywa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Na alifungwa kifuani, ngozi kwa ngozi, kofia na soksi tu.

Njia hii, iitwayo kangaruu, ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, wodi ilipokosa mashine za joto na daktari Edgar Rey Sanabria akaona vifua vya akina mama vimekaa bure. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba mtoto awe ametulia kwanza, ndipo apelekwe kifuani. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, kwa watoto wa kuanzia kilo 1 hadi pungufu kidogo ya 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa 12 kwa mia ndani ya siku 28. Waliosubirishwa walikufa 15.7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwasubirisha wengine. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo.

Yanayokuja baadaye ni marefu, nami nitayagusa tu. Wengi wa waliodumaa tumboni huwafikia wenzao kwa uzito miaka miwili ya mwanzo. Wengine hubaki wafupi, na hao wamo katika wale watoto 30 kwa kila 100 waliohesabiwa kuwa wamedumaa kwa kimo nchini mwaka 2022. Uingereza, kwenye jimbo la Hertfordshire, kuanzia 1911 manesi waliandika daftarini uzito wa kila mtoto alipozaliwa na alipotimiza mwaka. Miaka zaidi ya sabini baadaye mtafiti David Barker aliyakuta madaftari hayo, akafuatilia wanaume 5,654, na mwaka 1989 akaandika kwamba waliokuwa wepesi zaidi utotoni ndio waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Sayansi nzima ikafunguliwa na mwandiko wa manesi. Nikisoma habari ile huwa nakumbuka neno langu moja la Julai. Kule hospitali ya KCMC, Moshi, kila uzazi umekuwa ukiingizwa kwenye rejista maalumu tangu mwaka 2000, uzito na wiki za mimba pamoja, na ndivyo inavyotakiwa.

Siku ya tisa nilikwenda kuwatazama. Mama wa mtoto alikuwa amelala, amechoka kabisa, na presha yake ilikuwa ndiyo kwanza inashuka. Kitandani pembeni alikuwa ameketi koko, lubega imefungwa juu ya kifua, na kwenye mkunjo wa nguo kikaonekana kikofia chekundu. Nesi wa zamu aliniambia bibi huyu ndiye anayepokea zamu ya usiku, na hakubali kumwachia mtu.

"Takwenya," akanisalimu.

"Iko, koko. Anaendeleaje?"

"Amenyonya." Akafungua mkunjo kidogo nimwone, akafunga upesi. Akakaa kimya muda mrefu, mkono wake umetulia juu ya ule mgongo mdogo.

"Nilisema atatoka kirahisi," akasema hatimaye. "Na ametoka kirahisi."

"Kweli, koko."

"Sikujua tu kwamba atakuwa na baridi hivi."